Garmin nüvi 1300 katika utafutaji wa makasha bila karatasi

Garmin nüvi 1300 iliingia sokoni mwaka 2009 ikiwa GPS ya gari ya kawaida kabisa: skrini ya kugusa ya inchi 4.3, ramani ya barabara, sauti ya kumwelekeza dereva, na kishikio cha kunata kwenye kioo cha mbele. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayetafuta kopo lililofichwa nyuma ya kisiki msituni. Mimi nimeitumia kwa kazi hiyo hiyo hapa katika jimbo la Oregon, Marekani, nikiwa nimeijaza orodha za makasha pamoja na maelezo yake ili nisibebe hata karatasi moja, na tathmini yangu ni kwamba inafaa kuliko inavyodhaniwa, mradi mtumiaji aichukulie kuwa ni chombo cha kumfikisha mahali sahihi pa kuegesha gari. Anayetaka kushikwa mkono hadi kwenye kasha lenyewe atafute kifaa kingine.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, jiokashi ni utafutaji wa makasha ambayo watu wengine wameyaficha na kutangaza kodineti zake, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali yalipo. Ulianzia hapa hapa Oregon. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani, kwa uamuzi wa Rais Bill Clinton, iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na kosa la kipimo ambalo awali liliweza kufikia mita 100 likapungua mno. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, ndani yake mkiwa na vitu vya kubadilishana, mkebe wa maharage ukiwa mmojawapo, kisha akatangaza kodineti zake kwenye intaneti. Utaratibu haujabadilika sana tangu hapo: ukilipata kasha unaandika jina lako katika daftari lililomo, ukichukua kitu unaacha kingine, na kasha unalirudisha pale pale lilipokuwa.

Kila kasha lina ukurasa wake wenye kodineti, ukubwa wa chombo, kiwango cha ugumu wa kulipata na cha ugumu wa ardhi, vyote vikipimwa kuanzia 1 hadi 5, maelezo ya mwenye kulificha, kidokezo, na taarifa za waliolitafuta hivi karibuni. Wachezaji wa miaka ya mwanzo walizichapisha kurasa hizo moja moja. Matembezi ya Jumamosi moja yalidai bunda la karatasi kwenye kiti cha abiria, na kidokezo kilichapwa kwa herufi zilizogeuzwa, A ikiwa N na B ikiwa O, ili mtu asikisome kwa bahati mbaya. Kwa hiyo aliyekihitaji alisimama chini ya mti, kalamu mkononi, akifumbua herufi moja baada ya nyingine huku mvua ikilowesha wino. Kutafuta bila karatasi ni kuyaweka yote hayo ndani ya kifaa, ili gari linapofika mahali, maelezo, kidokezo na taarifa za waliotangulia viwe vinasomeka kwenye skrini.

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu nüvi 1300 haijui kasha ni nini. Inachokijua ni mahali penye jina, kodineti na maelezo mafupi, sawa na kituo cha mafuta au hoteli. Chanzo cha data ni huduma ya Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, iitwayo Pocket Query, ambayo hupewa wanachama wanaolipia: unachagua eneo, aina ya makasha na viwango vya ugumu, na unapata faili la GPX, aina ya faili la kuhifadhia kodineti na maelezo yake, lenye makasha yasiyozidi 1000. Garmin hutoa bure programu ya kompyuta iitwayo POI Loader, ambayo husoma faili za GPX na za CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato) na kuzigeuza kuwa faili moja la GPI, aina inayosomwa na kifaa, linalowekwa katika folda ya POI ndani ya kifaa. Mtu angedhani basi kwamba kazi imekwisha: pakua, geuza, pakia. Akifanya hivyo atakuta kwenye skrini namba ya kasha inayoanza na herufi GC na mstari mmoja wenye jina la kasha, jina la aliyelificha, aina yake na viwango vya ugumu. Maelezo marefu, kidokezo na taarifa za watafutaji hayamo, kwa kuwa yamehifadhiwa katika sehemu ya ziada ya faili la GPX ambayo POI Loader huipita bila kuisoma.

Dawa yake ni programu ya Windows iitwayo GSAK, inayofahamika na kila mchezaji aliyezama katika mambo haya. GSAK hupokea faili la Pocket Query na kulifanya hifadhidata inayochujika upendavyo, na watumiaji wake wameandika makro maalumu, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya GSAK, kwa ajili ya vifaa vya nüvi. Makro hizo huchota kidokezo, maelezo na taarifa za mwisho na kuziingiza katika sehemu ambayo POI Loader huisoma. Matokeo yake ni ya kupendeza. Unaligusa kasha katika orodha ya sehemu zako binafsi, ukurasa unafunguka, unashuka kwa kidole, na kidokezo kinasomeka waziwazi bila kufumbua chochote. Ukiona kwamba watu wanne wa mwisho hawakulipata, unaghairi kabla hata hujawasha gari. Binafsi naona taarifa hizo za mwisho ndizo zenye thamani kuliko maelezo mengine yote, maana wenye kuficha hupenda kusimulia historia ya bustani nzima, ilhali anayetafuta anataka kujua kama kasha bado lipo.

POI Loader ina tabia moja ambayo yafaa ijulikane mapema: kila inapopakia faili jipya hulifuta la zamani lililokuwa na jina lile lile. Kwa sababu hiyo, makasha, maegesho na sehemu nyingine zozote unazotaka kuwa nazo lazima zikae katika folda moja ya kompyuta na zipakiwe kwa mkupuo. Ukiigawa folda hiyo katika folda ndogo, kila folda ndogo huwa kundi lake ndani ya kifaa, hivyo makasha ya kawaida yanaweza kukaa mbali na yale ya mafumbo. Kila faili laweza pia kuwa na alama yake kwenye ramani, ambayo ni picha ndogo ya BMP isiyozidi pikseli 24 kwa 24 yenye jina sawa na la faili. Alama ya kijani kwa makasha makubwa na ya njano kwa madogo husaidia sana unapoitazama ramani ukiwa umesimama kwenye taa.

Programu hiyo inaweza pia kukiamuru kifaa kitoe mlio unapokaribia kasha, na umbali wa tahadhari unauchagua mwenyewe. Kwenye barabara ndefu ya mashambani jambo hili ni zuri mno, kwani gari linakwenda, mlio unasikika, unajua kuna kitu mbele. Mjini ni adha tupu. Kanuni za Geocaching.com hutaka makasha yatengane kwa mita 161 tu, na katika mitaa yenye wachezaji wengi kifaa hakinyamazi, hadi abiria wakakuomba ukizime. Mimi huweka tahadhari kwenye faili la makasha ya njiani peke yake.

Asiye na GSAK, au anayetaka kuongeza sehemu chache kwa mkono, anaweza kuandika faili la CSV katika programu yoyote ya maandishi, kila mstari ukiwa na longitudo, latitudo, jina na maelezo, kwa mpangilio huo huo. Longitudo hutangulia, kinyume cha kurasa za makasha ambazo huanza na latitudo. Kurasa hizo pia huandika nyuzi na dakika zenye desimali, ilhali CSV inahitaji nyuzi zenye desimali, kwa hiyo dakika hugawanywa kwa 60. Chukua mahali pale alipoficha Ulmer: kaskazini nyuzi 45 dakika 17.460, magharibi nyuzi 122 dakika 24.800. Ukigawanya 17.460 kwa 60 unapata 0.29100, na 24.800 kwa 60 unapata 0.41333, hivyo mstari wako utaanza na -122.41333, kisha mkato, kisha 45.29100. Alama ya kutoa ni kwa sababu Oregon iko magharibi ya Greenwich. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hali hugeuka, longitudo yake ikawa chanya na latitudo ikachukua alama ya kutoa. Desimali tano zinatosha. Sehemu moja ya elfu ya dakika ya latitudo ni takriban mita 1.85, na hakuna GPS ya gari inayoweza kujivunia usahihi kuliko huo.

Sasa nije kwenye jambo linaloifanya nüvi istahili nafasi yake, nalo wengi hulipuuza. Ndani ya kifurushi cha Pocket Query huwa kuna faili la pili, ambalo jina lake huishia na wpts, lenye sehemu za ziada ambazo wenye makasha wamezitaja, kama vile mwanzo wa njia ya miguu, vituo vya katikati na, muhimu kuliko vyote, maegesho. Mtu anayeipa nüvi kodineti za kasha lenyewe anakosea tangu mwanzo, kwa sababu kifaa cha gari hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na nukta hiyo kwa mstari ulionyooka, bila kujua kama kati ya barabara hiyo na kasha kuna mto, uzio wa shamba la mtu au genge la mita 30. Katika bonde la mto Clackamas hili si jambo la kinadharia. Barabara ya 224 hufuata mto huo kwa muda mrefu, na kasha lililo ng'ambo huonekana kwenye ramani kuwa karibu mno na lami, huku daraja likiwa mbali. Kodineti za maegesho humaliza tatizo hilo. Unazipakia katika kundi lake, unazipa alama ya gari, unaiambia nüvi ikupeleke hapo, na inakupeleka kwa ustadi ule ule iliotengenezwa nao: inakwambia mapema uingie njia ya kulia, inapanga upya safari ukikosea, na haikuulizi intaneti hata mara moja. Kuelekea msitu wa Mount Hood mtandao wa simu hukatika katika sehemu nyingi, na hapo dereva aliyetegemea ramani ya simu isiyohifadhiwa hubaki akitazama skrini tupu, wakati nüvi, ambayo ramani yake yote imo ndani yake, huendelea na kazi bila kujali.

Nililijaribu hili kwa kwenda mahali mchezo ulipoanzia. Ndoo ya Ulmer haipo tena, ila mwaka 2003 wachezaji waliweka bamba la kumbukumbu pale pale, nalo lenyewe ni kasha lenye namba GCGV0P. Kwa kuwa bamba liko kando ya barabara, nüvi ilinifikisha pasipo haja ya hila yoyote. Pale ndipo kifaa cha gari kinapong'ara: makasha ya kando ya barabara, kwenye vituo vya kupumzikia, mbele ya makanisa ya zamani, kwenye sehemu za kutazamia mandhari.

Ukishuka garini mambo hubadilika. Programu ya nüvi hudhani kwamba uko barabarani, hivyo huivuta alama yako na kuigandisha kwenye barabara iliyo karibu hata ukiwa umeshaingia mitini hatua kadhaa. Lazima uingie katika mipangilio na kubadili aina ya njia kuwa ile isiyofuata barabara. Hapo kifaa huchora mstari ulionyooka kutoka ulipo hadi unakokwenda, na umbali unaousoma ni wa kweli. Hali ya mtembea kwa miguu nayo ipo, lakini kwa msituni haina faida sawa, kwani bado hutafuta mitaa na njia inazozijua. Kuna hila nyingine ninayoipenda zaidi: kugusa alama ya gari kwenye ramani. Ukurasa unaofunguka umekusudiwa kwa dharura, nao huonyesha hospitali, kituo cha polisi na mafuta vilivyo karibu, ila huonyesha pia latitudo na longitudo ya pale uliposimama. Ukizilinganisha namba hizo na za kasha, unajua kama usogee kaskazini au mashariki bila kuutegemea mshale.

Mshale wenyewe hauaminiki mtu akisimama. Kifaa hiki hakina dira ya sumaku, kwa hiyo hujua unaelekea wapi kwa kukokotoa tu kutoka sehemu uliyotoka hadi uliyopo. Ukisimama, hesabu hiyo haipo, na mshale huanza kuzunguka ovyo. Chini ya misunobari mirefu ya Oregon, ambako mawimbi ya setilaiti hupenya kwa taabu na mengine hufika yakiwa yamegonga vigogo kwanza, namba za mwisho za kodineti hurukaruka hata ukituliza mkono. Unapobakiwa na mita 15 hivi ni afadhali ukiweke kifaa mfukoni, usome kidokezo upya, na utafute kwa macho: rundo la mawe lililopangwa mno, gome la mti lililoegeshwa, kipande cha mbao kisicho na sababu ya kuwa pale.

Makasha ya mafumbo yachujwe kabla ya kupakiwa. Kodineti zinazotangazwa kwa aina hii si za kasha lenyewe. Kasha halisi laweza kuwa umbali wa kilomita 3.2, na mahali pake hujulikana baada ya kulitegua fumbo. Nüvi haitakuonya. Itakupeleka kwa utiifu katikati ya maegesho ya duka ambako hakuna kitu.

Kuhusu uimara, yapo ya kuvumilia. Kifaa hiki hakikukingwa dhidi ya maji, na mtu wa Oregon ya magharibi anajua maana yake kuanzia Novemba hadi Aprili. Mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu hutosha, na skrini huitikia kidole kupitia plastiki bila shida. Juani skrini hufifia, hasa mchana. Betri imefungwa ndani na ilikusudiwa kukaa garini karibu na chaji, kwa hiyo kifaa cha umri huu hakitakaa hewani muda mrefu ukishakichomoa. Kukumbuka ni makasha gani umeyapata ni kazi yako mwenyewe, kwa sababu sehemu zilizopakiwa na POI Loader haziwezi kuhaririwa ndani ya kifaa. Unaweza kuhifadhi mahali kama kipendwa na kuandika neno moja katika jina lake, lakini daftari dogo la mfukoni ni la haraka zaidi. Ndiyo, hilo ni karatasi. Sioni aibu nalo.

Garmin yenyewe ilitengeneza jibu la mengi ya malalamiko haya. nüvi 500, iliyotolewa mwaka 2008, ilikingwa dhidi ya maji kwa kiwango cha IPX7, maana yake huweza kuzama mita 1 kwa dakika 30, betri yake hubadilishwa na mtumiaji, na husoma faili la makasha moja kwa moja pamoja na maelezo na kidokezo, bila GSAK wala POI Loader. Skrini yake ni ndogo, inchi 3.5, na kwa anayeendesha muda mrefu tofauti hiyo inaonekana. Ukiipata katika hali nzuri kwa bei ya kuridhisha, ichukue badala ya 1300. Kwa anayetembea zaidi kuliko kuendesha, kifaa cha mkononi cha Garmin kiitwacho Oregon, sawa na jimbo, kinaizidi nüvi yoyote msituni.

Simu ya mkononi, bila shaka, hufanya yote haya siku hizi, na sina hoja ya kumshawishi aliyeridhika nayo. Sababu yangu ya kubaki na nüvi ni ya udereva. Sheria ya Oregon iliyoanza kutumika Oktoba 2017 inamkataza dereva kushika simu mkononi gari likiwa barabarani, na hata simu iliyofungwa kwenye kishikio huleta ujumbe, simu za ndugu na matangazo juu ya ramani. Nüvi haina la kuniambia isipokuwa nikate wapi kona. Tena simu huwa inabaki na chaji kamili kwa ajili ya msituni, ambako inaweza kuitwa na watu wa nyumbani au kunipigia watu wa uokoaji.

Anayenunua 1300 iliyotumika aombe kuiona ikiwa imechomolewa kwenye umeme kwa angalau robo saa, kwa sababu wauzaji wengi huionyesha ikiwa kwenye waya na betri iliyokufa haijulikani. Aingize waya wa mini-USB kwenye kompyuta na kuhakikisha kwamba kifaa kinatokea kama diski, maana tundu hilo likilegea hakuna njia rahisi ya kupakia makasha. Aguse pembe zote nne za skrini. Ramani iliyopitwa na wakati isimkatishe tamaa, kwani kodineti za kasha hazitegemei ramani, na barabara za msituni nazo hazibadiliki kila mwaka; ila kishikio cha kioo kilichokauka mpira akikatae, au apunguziwe bei ya kununua kingine.